Amri ya Kurefuka

Mwalimu Léonard alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alichokijua, lazima mtaa wote wa Kamalondo ukijue. Hata Desemba ile ya vita, Katanga imejitenga, risasi zinalia mjini na soko limefungwa, yeye bado alikuwa anasomesha. Mkewe Germaine alimsikiliza nusu. Nusu nyingine ya akili yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye sombe, ile mihogo ya majani ya mboga, maharage na mahindi machache. Mboga ya binti yao Edith ilitoka hapo, na hapakuwa na pengine.

Basi Mzungu mmoja wa idara ya kilimo akakimbia vita, akaacha kopo la dawa. Léonard akasoma lebo, akapiga makofi.

— Mama Edith, hii njo homoni! Mumea inaitengeneza ku ncha, inashuka mu shina, inaamuru: refuka! Upande wa kivuli inakuwa mingi, njo maana mumea inainamia jua.

— Na sombe yangu haiwezi kukomea na kurefuka yenyewe?

— Inakomea polepole!

Maandishi madogo ya chini hakuyasoma. Mwalimu anasomesha, jamani, atasoma saa ngapi? Alingoja Germaine aende kuchota maji, akanyunyizia bustani yote nusu kopo. Sombe akaiongezea, kwa mapenzi.

Ilirefuka, ndiyo. Ilirefuka ovyo, majani yakajikunja, mashina yakajisokota na kupasuka, maharage yakalala chini. Dawa ile ilikuwa ya kuua magugu: amri ikizidi, mmea unakua ovyo mpaka unakufa. Mahindi tu, ndugu wa nyasi, hayakujali. Germaine alilia waziwazi, akang'oa mizoga yote, mahindi yakabaki yamesimama peke yake, safi.

Siku hizohizo chefu, mkuu wa mtaa, akapita, akaliona kopo.

— Ee, mwalimu! Bustani haina hata gugu moja! Jumapili utapitisha dawa hii mu bustani za bantu bote.

Germaine alimtazama mumewe, akingoja aseme ukweli. Léonard akanyoosha tai.

— Ni sayansi tu, chefu.

Jioni bukari, yaani ugali, ilikuja mezani peke yake. Edith akafinyanga tonge, akatafuta pa kulichovya, hakupaona.

— Papa, mboga iko wapi?

Germaine ndiye aliyejibu.

— Vumilia, mwanangu. Ngoja Jumapili ipite, Kamalondo yote itakula kama sisi.