Nipe wa Kulia

Saa nne kamili asubuhi mkono wa chuma wa mdogo mtu ulifunga ngumi, na ndani ya ngumi hiyo mlikuwa na mkono wa kulia wa kaka yake, fundi vitasa.

"Achia," fundi alisema.

"Siwezi, kaka."

"Utani huo kafanye kwenu."

"Kwenu wapi tena, si ndiyo hapa? Na si utani. Wameufunga."

Mdogo mtu alikuwa amefika saa tatu na nusu. Miaka minne hakuwa amekanyaga karakana ile ya baba yao, tangu alipokwenda kukatwa mkono mzima, usio na kidonda wala upele, ili avalishwe wa kampuni. Ghala la kampuni lilijaa roboti, na wakubwa hawakutaka msimamizi anayechoka kabla ya mashine zake. Fundi alimwambia siku ile kwamba amewahi kuona wajinga wengi, lakini wote walikuwa na mikono miwili. Wakaachana hapo.

Saa tatu na nusu hiyo alisimama mlangoni, mkono wa chuma kauficha kwenye mfuko wa koti. "Kaka, nina shida, na ni ya haraka."

Fundi alikuwa anapiga tupa ufunguo uliobanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Kwenye benchi alikaa mteja, mama mmoja ambaye mlango wake ulifunguka kwa kusoma jicho. Alipobadilisha jicho, mlango ukamkana mchana kweupe, na watoto wake ndani wakimchungulia dirishani. Jicho jipya lilikuwa na taa na lilipatikana bure, ila kila baada ya dakika chache lilimwonyesha tangazo, na mpaka liishe alikaa kimya kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Fundi alimdharau huyo naye, lakini mteja ni mteja.

Shida ya mdogo wake hakuiuliza. Alikuwa na maneno ya miaka minne kifuani, na leo kulikuwa na mtu wa kuyasikiliza.

"Mama, muone huyu. Tumenyonya ziwa moja. Baba kamfundisha kazi, kaenda kuwa kijakazi wa makabati yanayotembea. Eti msimamizi! Unasimamia nini, bwana mdogo? Unayapangusa vumbi?"

"Kaka, saa ngapi sasa?"

"Haraka ya nini? Wenzako watatu wa chuma wanafagia barabara hapo nje, wafuate mkasalimiane kwa nyaya."

Mama akacheka. Basi fundi akapandwa na mzuka. Alizungumzia nyumba zinazogombana na wenyewe, na wazee wanaolishwa na mashine inayosema "pole" kwa sauti ileile inayotangaza sabuni. Kisha akarudi kwenye mkono wa mdogo wake na kuutukana kuanzia bega hadi kucha. Mara tatu mdogo mtu alifungua mdomo, mara tatu akakatwa kauli. Mwishoni aliona bora aombe radhi yaishe, ndipo aseme lililomleta. Akasogea na kutoa mkono wa kushoto, ule wa nyama.

Fundi akautazama kana kwamba ameletewa panya aliyekufa.

"Unanipa wa kushoto? Mimi, kaka yako?"

"Huu mwingine usiushike, nakuomba."

"Nipe wa kulia kama mtu mwenye adabu!"

Akauchomoa mwenyewe kutoka mfukoni, akaushika. Saa ya ukutani ikagonga saa nne.

Ndipo maelezo yakatoka. Kampuni ilikuwa imemwachisha kazi jana, imeleta roboti msimamizi. Barua ilisema mkono utafungwa leo saa nne, na ukifungwa hukunja ngumi usitumike na mtu. Alikuja ili kaka yake afungue kiwiko, kwa kuwa ndani yake kuna kufuli kama kufuli jingine lolote, ainue pini zake kabla ya saa hiyo, mkono usifungike.

"Si ungesema!"

"Ningesema saa ngapi, kaka? Ulipumua?"

Mama wa jicho akaipigia kampuni simu. Ikajibu sauti tamu, isiyo na mate wala mapafu.

"Habari za asubuhi, mpendwa mteja. Tafadhali msivute. Mkono unakamilisha kujikunja. Utakamilika baada ya dakika thelathini."

"Umeshika mtu!" fundi alifoka.

"Pole sana. Nimeukagua, na mkono upo salama."

"Mkono upi?"

"Mkono wa kampuni."

Fundi aliipa sauti ile matusi ambayo hata karakana haikuwa imeyasikia. Ikashukuru kwa maoni yake. Ikaongeza kwamba mkono uliokwisha kufungwa ukichokonolewa utakufa na hautawashwa tena, na simu ikakatika.

Chuma kilikuwa kinakaza polepole, kama jiliwa inayozungushwa na mtu asiye na haraka. Kuikata ngumi kwa msumeno kungeanza na vidole vya fundi. Njia ilikuwa kiwiko tu. Fundi akamtazama mdogo wake, akashangaa kuona hasogei.

"Kaka, jina langu lipo kwenye orodha ya watakaorudishwa. Wakiniita, wanaufungua kwa simu tu. Ukichokonolewa, basi. Ule wangu wa nyama walishautupa."

"Basi fikiri," fundi alisema. "Fikiri vizuri."

Hakumwomba. Angeuma meno yavunjike kuliko kumwomba. Mdogo mtu naye akafikiri, macho kayatoa kama mjusi aliyebanwa na mlango, na saa ya ukutani ikatembea dakika sita. Katika dakika ya sita kitu kililia ndani ya ngumi, sauti ndogo, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Fundi akapiga goti moja sakafuni.

"Fungua," mdogo mtu akasema, machozi yakimshuka. "Fungua kaka, fungua!"

Fundi alikuwa na mkono wa kushoto tu uliokuwa huru. Mdogo mtu naye vivyo hivyo. Mmoja akashika waya, mwingine bisibisi nyembamba, mama akainama na kumulika kiwiko kwa jicho lake. Ile mikono ya kushoto, ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa tusi, ikaanza kutafuta pini, ikigongana kama walevi kwenye kichochoro.

"Sukuma. Si huko, zuzu! Baba alikufundisha nini?"

"Alinifundisha kwa wa kulia!"

Pini ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Taa ikazimika.

"Mama!"

"Tangazo," mama alisema, uso umeganda. "Magodoro. Linaisha sasa hivi."

Wakasubiri magodoro yaishe. Fundi hakuwahi kumdharau kiumbe kama alivyomdharau muuza magodoro yule, popote alipokuwa. Taa iliporudi, mdogo mtu aliinua pini ya tatu, fundi akazungusha, kiwiko kikatoa mlio na ngumi ikalegea. Mkono wa kampuni ukaning'inia begani kama koti kwenye msumari.

Daktari, mtu mwenye mikono yake mwenyewe, aliwatibu na kuwauliza maswali, kisha akasema wazi: vidole viwili vimesagika mishipa, cha shahada na cha kati, na havitakunjika tena. Vingetolewa dakika tano kabla, vingepona.

Siku ya tatu kampuni ilituma roboti wawili, wakaufungua mkono wao begani, wakaulaza kwenye sanduku lenye sponji na kuaga kwa heshima. Jina la mdogo mtu lilikuwa limekwisha kufutwa. Sasa hukaa karakanani akimshikia kaka yake vitasa kwa mkono wa kushoto, na kaka huvifungua kwa wa kushoto, na kazi ya saa moja inakula siku nzima. Mlango wa yule mama ulichukua siku mbili.

Hesabu ya yote ni hii. Kaka, vidole viwili. Mdogo, mkono mmoja, alioupoteza mara mbili. Dakika ishirini na tisa zilipotea kwa domo la kaka, dakika sita kwa fikra za mdogo, moja na nusu kwa magodoro. Kampuni haikupoteza hata skrubu.