Upande wa Kushoto Juu

Bibi aliinuka kutoka kwenye mkeka, akajishika kisogo, akasimama, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, na kabla hajaufikia mlango watu wakaanza kucheka.

Hakuwa bibi mzaa mama wala mzaa baba. Nilimchora mwenyewe, karatasi kwa karatasi, mwaka mzima wa mwisho katika chuo chetu cha katuni pale Ogikubo, Tokyo. Siku hiyo ya Februari alikuwa kwenye skrini kubwa ya ukumbi, amepakwa rangi kwa mara ya kwanza: kimono ya bluu iliyokolea, lile vazi letu refu la kupishanisha kifuani, na kola nyeupe pe. Kwenye viti vya nyuma walikaa watu wa studio, beji kifuani, kalamu mkononi. Kila mwaka walikuja kutuchagua kama nyanya sokoni. Ukichaguliwa, una kazi. Ukiachwa, unafungasha, unarudi kwenu.

Aliyeanza kucheka alikuwa Tsurumaki, kijana wa Osaka niliyekaa naye meza moja, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa anatafuna.

"We Kurebayashi!" alipaza sauti, akiniita kwa jina la ukoo. "Huyo bibi yako si maiti? Nani kamfufua?"

Nikaitazama skrini. Loo! Ubavu wa kulia wa kimono ndio uliokuwa juu.

Kwetu hata mtoto wa chekechea analijua hili. Aliye hai hufunga kimono ubavu wa kushoto ukae juu. Anayegeuziwa, wa kulia juu, ni maiti peke yake. Ukikosea ukatoka hivyo barabarani, mama usiyemjua atakukamata, akufungue na kukufunga upya huku anakugombeza, na wala hutambishia. Sasa mimi nilikuwa nimemvika bibi yangu nguo ya jeneza, nikamtembeza nayo mbele ya watu niliotaka waniajiri. Nilitamani sakafu inimeze.

Mtauliza ilikuwaje mwaka mzima asione mtu. Kwa penseli, jamani, kola ni mstari mmoja mwembamba. Mwalimu Tokunaga alikuwa akitazama hatua za miguu na mwendo wa mikono, na wenzangu wote walikuwa watu wa fulana na suruali. Rangi ndiyo iliyonianika. Na mimi mwenyewe sikuona kwa sababu machoni pangu ilikuwa sawasawa kabisa. Mkono wangu haukujua namna nyingine.

Baba yangu anavika maiti. Ndiyo kazi ya nyumba yetu pale Yokote, kaskazini huko theluji inakofunika madirisha. Alianza babu, akapokea baba, na nilipofika sekondari nikaanza kuitwa nimsaidie mama kumshika marehemu. Unamwosha mtu mbele ya watu wake pasipo kumfunua hata kidogo, unamvika, unamfunga mshipi, unamchana nywele. Sikuwahi kuiogopa kazi ile wala kuionea haya. Baba alizungumza na wafu kwa sauti ileile aliyozungumza nayo na sisi mezani. "Samahani, mama, nakuinua kidogo," angesema, na nisipojiangalia ningedhani nitasikia jibu.

Lakini niliona watu wengi mno wamelala. Nikitoka huko, nilikuwa nakaa jikoni nachora watu wanainuka. Wanainuka kitandani, wanainuka kwenye kiti, wanainuka baada ya kuanguka barafuni. Nilichora kwenye pembe za daftari za shule, nikizipeperusha kwa kidole gumba ili waende. Siku niliyosema nataka kwenda Tokyo kusomea katuni, baba aliweka chini vijiti vyake vya kulia chakula.

"Nenda," akasema. "Ukimaliza, studio ikikutaka, baki huko. Isipokutaka unarudi, unashika kazi hii na mimi. Nazeeka, Natsuho. Kuna mtu lazima aishike."

"Wateja hawaishi," mama akadakia.

"Wala hawalalamiki," nikasema mimi, tukacheka wote watatu, na makubaliano yakawa yamepita. Baba si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Kwa hiyo pale ukumbini kicheko kile hakikuwa kicheko tu. Nilikuwa naisikia treni ya kurudi Yokote.

Taa zikawashwa. Nikasimama mbele, mikono haina pa kukaa. Mama mmoja akainua kalamu kule nyuma, mwembamba, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Tulimjua sote. Alikuwa Bi. Hoshikawa, mkaguzi wa michoro wa studio ndogo ya pale mtaani, na ilisemekana amewaliza wachoraji wengi kuliko vitunguu.

"Swali moja," akasema. "Huyu bibi yu hai, au amekufa?"

Tsurumaki, kwa mbele kabisa, akanikonyeza na kuninong'oneza kwa nguvu: "Sema mzimu! Sema ulikusudia!" Maskini, baada ya kunichoma alitaka kunizima moto. Na jibu lilikuwa zuri, tena lilikuwa tayari. Bibi kafa usingizini, hajajijua, anaamka na kwenda mlangoni kama kawaida yake. Kila kitu kingekaa mahali pake. Hata Mwalimu Tokunaga alinitazama kwa macho ya kunisihi nilichukue.

Lakini nilimchora bibi yule akiwa hai. Mwaka mzima nilimtengenezea pumzi, bega linapanda, bega linashuka. Sasa nimwue kwa neno moja ili nipate kazi?

"Yu hai," nikasema. "Nimekosea. Nyumbani kwetu tunavika maiti, na mimi sijawahi kumvika mtu mwingine yeyote."

Mtu wa safu ya pili akasogeza begi lake taratibu, likawa mbali nami kidogo, kama watu wanavyofanya wakisikia kazi ya baba. Nimezoea, ila siku ile iliuma.

"Rudisha nyuma," Bi. Hoshikawa akasema. "Pale anapoinuka. Hapo, simamisha. Kwa nini anajishika kisogo?"

"Kichwa ni kizito, Bi. Hoshikawa. Ukimwinua mtu mgongo ukakisahau kichwa, kinaanguka nyuma. Nilifikiri mzee aliyeishiwa nguvu angeanza kwa kujishika hapo."

Akavaa miwani, akaitazama skrini kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama msimu mzima wa theluji.

"Filamu tunayoanza ni ya zama za kale," akasema. "Ndani yake kila mtu amevaa kimono, kuanzia mtawala mpaka muuza samaki. Siwezi kuajiri mchoraji atakayeniulia watu wangu kwa bahati mbaya." Watu wakacheka, naye hakucheka. "Chora upya vazi lote, mwanzo mpaka mwisho. Jumatatu ya wiki ijayo uniletee mwenyewe. Nikikuta karatasi moja imegeuka, usinisumbue tena."

Leo mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha ukaguzi, wachoraji wapya wakinijia na mafungu yao ya karatasi huku wanatetemeka, na kola ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia. Wananiona mkorofi. Hawajui nilivyohangaika wiki ile.

Mnaweza kudhani ni jambo jepesi, kugeuza tu kilicho kulia kikawa kushoto. Haikuwa hivyo! Ukigeuza ubavu, mikunjo yote inabadilika, nguo inavutika kwingine goti linapokwenda mbele, kola inakaa kwingine mgongo unapoinama. Nilihitaji kumwona mtu anayetembea. Nikaazima kimono nyepesi ya pamba, nikaivaa sawasawa, kushoto juu, nikasimama mbele ya kioo changu cha mezani, kile ambacho kila mchoraji huwa nacho cha kuigiza sura. Nikachora siku nzima, nimefurahi, mwishoni nikazipeperusha karatasi. Maiti tena! Kioo kilikuwa kimenigeuza, nami mkono wangu ulifurahi kuona jambo unalolijua na haukuniambia kitu.

Nikakaa chini nikalia. Kisha nikapiga simu nyumbani. Nilimtaka mama, akapokea baba.

Nikamweleza kila kitu, skrini, kicheko, sharti la Bi. Hoshikawa. Alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Karatasi moja tu ikigeuka, ningekuwa wake.

"Umemvika kama mteja wetu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kola ulibana vizuri shingoni?"

"Baba!"

"Nauliza tu." Nikamsikia anavuta pumzi. "Jumamosi nakuja. Usivae chochote cha kuazima. Nitabeba ya mama yako."

Alikuja amevaa suti yake nyeusi, kwa sababu hana nyingine. Mama mwenye nyumba alipomwona mlangoni akanivuta pembeni kuniuliza nani amefariki. "Hakuna, mama, huyu ni baba tu," nikamwambia. Baba akaingia na figili za kukaushwa kwa moshi alizofungiwa na mama, pamoja na kimono ya kijivu ya mama, imekunjwa vizuri hadi nikakionea aibu chumba changu. Hakutazama michoro ukutani. Alitazama dari, dirisha, jiko moja la gesi, akaguna.

"Simama hapa," akasema.

Nikasimama katikati ya chumba, mikono nimeinyoosha. Akanivisha mabegani, akavuta kola, akaulinganisha mshono wa mgongo kwa kidole kimoja kama nilivyomwona akifanya tangu utoto wangu. Alikuwa ametulia kabisa. Akaushika ubavu wa kushoto, akaulaza kifuani mwangu. Akaushika wa kulia, akauleta juu yake. Akaubana.

Halafu mikono yake ikasimama.

Nilimwona anaangalia alichokifanya. Uso ulimbadilika, sijawahi kuuona vile, hata kwenye misiba ya watoto wadogo.

"Hapana," akasema polepole, na sikujua anamwambia nani. "Hapana, hapana. Huyu bado."

Akaifungua yote. Akaanza upya, wa kulia kwanza, akaulaza. Kisha wa kushoto, juu, akaupapasa mara mbili ukae. Akazungusha mshipi, akaufunga fundo la kipepeo, kubwa, la nyuma, ambalo sikujua kama analijua. Sisi kazini hatufungi fundo hilo.

"Unahema?" akaniuliza.

"Nahema, baba. Umenibana kweli."

"Vizuri."

Nikampa simu yangu anipige video, akaishika kwa mikono miwili kama watu wa umri wake wanavyoshika. Nikalala kwenye mkeka. Nikajishika kisogo, nikainuka, nikasimama, nikatembea kuelekea mlangoni. Kimono ilitoa sauti miguuni ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia, maana wale tuliowavika hawakuwahi kupiga hatua. Nikafika mlangoni, nikageuka.

"Na Jumatatu wakinikataa?" nikamwuliza.

"Utakwenda kwingine. Studio si moja."

"Na makubaliano yetu, baba?"

"Makubaliano gani?" akasema. Simu alikuwa bado ameinyoosha mbele yake, na nyuma yake macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Hebu rudi mkekani uanze tena. Sikukuona vizuri."