Nyuma ya Sanduku la Hita

Virgil Tackett alipoanza kupaka rangi vibaya kwa makusudi, mkewe Loretta aliamini kwamba akili za mumewe zimeanza kuhama. Mtu gani mwenye macho mawili analipaka gari rangi mpaka ling'ae kama kioo, kisha anaingia uvunguni na kuacha tone lichuruzike likauke hivyo hivyo? Virgil akamweleza kwamba kiwandani mwaka sitini na tisa hakuna aliyekuwa na muda wa kufuta matone. Anayelirudisha gari katika hali yake ya kwanza, alisema, lazima arudishe na uvivu wa wale waliolitengeneza. Kulifanya zuri kupita lilivyotoka kiwandani ni kosa, na wakaguzi wa magari ya zamani hukata alama bila huruma.

Sasa Virgil alikuwa kaburini tangu majira ya kupukutika majani, na mkaguzi alikuwa amelala chali chini ya lile gari, akilitazama lile tone.

Jina lake Wendell Stachura, mzee mwembamba aliyetoka mji wa Hamtramck na kioo kidogo cha kuchungulia kilichofungwa kwenye kijiti. Loretta alisimama kando, mikono ndani ya mifuko ya aproni. Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, Odessa, pale mjini Ypsilanti, na ndani yake gari lenyewe, Chevelle nyekundu, lilijaza nafasi yote, ukitaka kupita lazima uvute tumbo. Wendell alipotoka uvunguni alivua kofia.

"Hata tone lake linaanguka upande unaostahili," alisema polepole. "Dada, mumeo alijifunza kufanya kazi vibaya kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Nasema kwa heshima."

Loretta alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Hakuwa amemwita mtu huyu aje kusifu matone. Alitaka kujua jambo moja tu: kama hili lilikuwa gari la Clayton.

Clayton alikuwa kaka yake Virgil. Alilinunua jipya, akaliendesha kiangazi kimoja, akaenda vitani Vietnam na hakurudi akiwa hai. Mama yao hakuweza kulitazama pale uani, akaliuza kwa mpita njia. Virgil alikuwa mtoto bado, ila alikuwa ameikariri namba ya gari, ile ya kiwandani, kwa kuwa kaka yake alimfundisha wakati wa kulifuta vumbi, kama wengine wanavyofundishwa sala. Alipokuwa mtu mzima alilikuta kwenye vyuma chakavu gari la rangi ileile, la mwaka uleule, kibati cha namba kimeng'olewa kwenye dashibodi. Akalileta kwa mama yake, akasema ndilo. Siku za mwisho za Virgil hospitalini, Loretta alimwahidi kwamba atalithibitisha, ili Odessa asife bila kujua. Virgil alimtazama tu, akamfinya mkono.

Kiwandani namba hiyohiyo ilikuwa imegongwa mara ya pili kwenye chuma chenyewe, nyuma ya sanduku la hita, lile la kupasha joto ndani ya gari. Virgil alikuwa amesema sehemu hiyo haigusi. Ataifungua mkaguzi mwenyewe, asije mtu akadai imechezewa.

Wendell akafungua boliti ya kwanza. Ililegea kirahisi mno. Akasimama, akamulika tochi.

"Kuna mtu ameshaingia hapa," alisema.

Ukutani, mahali pake pa siku zote, zilining'inia nyundo na chapa za chuma za tarakimu, sifuri hadi tisa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake yote alimwogopa mumewe, tena akiwa marehemu. Mtu anayeweza kughushi tone la rangi atashindwa na tarakimu chache?

Wendell aliliondoa sanduku kwa mikono miwili, akalilaza juu ya blanketi. Akapangusa grisi kwa kitambaa. Kisha akamwita Loretta kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Kila mahali chuma kilikuwa kimesuguliwa na kupakwa upya, isipokuwa kijisehemu kimoja, kadiri ya kiganja, ambacho Virgil alikizungushia mpaka na kukiacha. Hapo palikuwa na rangi ya kiwandani iliyochakaa, na tarakimu zilizogongwa ovyo, moja imepanda, nyingine imeinama, kama alivyoziacha mtu wa zamu mwaka ule. Zilipakwa grisi zisishike kutu. Loretta alizisoma kwa midomo huku akiifuata ile namba aliyoisikia mara elfu mezani kwake. Zikaenda pamoja, zikaenda, na mwishoni zikaachana.

Halikuwa gari la Clayton.

"Alijua lini?" aliuliza.

Wendell alimwonyesha grisi, jinsi ilivyokuwa ngumu kama nta, na rangi nyekundu iliyopita juu ya ukingo wake. Alijua kabla hajapaka rangi, alisema, gari lilipokuwa bado gofu la kutu. Kazi yote iliyobaki, miaka yote ile, aliifanya akijua.

"Nimeona watu wakifuta namba kwa tamaa ndogo tu. Huyu alikuwa na chapa, alikuwa na mkono, na alikuwa na sababu. Akaitunza." Akavua miwani, akaisafisha.

Mlangoni mwa gereji ikasikika fimbo ikigonga sakafu. Odessa, na miaka yake tisini na ushee, alikuwa ameshuka ngazi peke yake, jambo alilokatazwa na kila mtu mwenye shahada ya udaktari. Alizunguka gari akiligusa, akajiingiza kwenye kiti cha dereva, akashika usukani. Loretta alichuchumaa kando yake. Aliona bora auseme ukweli papo hapo.

"Mama, si la Clayton."

"Najua," Odessa alisema. "Virgil aliniambia siku ileile alipoiona namba. Alikaa pale jikoni akalia, akasema kesho analirudisha lilikotoka. Nikamwambia asithubutu."

"Kwa nini, Mama?"

"Tangu tumzike kaka yake, huyo mtoto alijitenga, na alipohama hapa nikawa namwona Krismasi tu, tena hata koti havui. Mara nikawa namsikia kila jioni humu ndani, anagonga, anazitukana boliti, anakuja kula. Nimfukuze kwa ajili ya namba?"

"Na mimi mkanificha."

"Ungemwonea huruma, mwanangu, ungemwambia apumzike."

Loretta hakuweza kubisha, maana ndivyo hasa angefanya. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Wendell alikohoa. Alisema gari ni la kweli, tangu boneti hadi buti, na atatia sahihi yake kwa furaha. Ila familia ilimwita athibitishe kuwa ni la mwana wa nyumba hii, na hilo hawezi kulitia sahihi.

"La mwanangu ndilo," Odessa alisema, bila kuutoa mkono kwenye usukani. "Nilikuwa na wawili, bwana. Watu husahau."

Loretta alizunguka upande wa pili, akaingia, akaufunga mlango taratibu.