Hodi ya Kutokea

Nyumba ya Gladness pale Nkuhungu, Dodoma, haina geti. Kiwanja ni chembamba, ukuta wa huku umegusana na wa jirani, na gereji wakaiweka mbele kabisa, inatazama barabara. Gari hupita humo na watu hupita humo. Kulikuwa na mlango mdogo pembeni, ila wezi waliuvunja mwaka juzi, Gladness akaita mchomeleaji akauziba kwa bati nene. Anayetaka kutoka hana njia nyingine.

Gladness ni binti wa kaka yangu, Yotham. Anafanya kazi wizarani, kule Mtumba, na mume wake yuko kikazi Mbeya. Kaka alikuwa akikaa kwake tangu alipofiwa na mkewe, tangu kichwa chake kilipoanza kuangusha vitu njiani. Alianza kwa kusahau majina. Kisha akasahau kwamba mkewe amekufa. Kila akimuulizia ikawa kama tunamzika upya, mpaka tukakubaliana tuseme yuko shambani.

Kila asubuhi aliamka na neno lile lile: "Ng'ombe wamechelewa kutoka."

Ng'ombe wa baba yetu hao, kule kwetu mbele ya Buigiri. Walikwisha zamani, wengine kwa ukame, wengine kwa mahari zetu sisi wenyewe. Kaka akiukuta mlango wazi huenda kuwafungulia. Mara ya mwisho walimkuta Ihumwa, jua la mchana, hana viatu, anatembea katikati ya lami na malori yanampigia honi. Dereva mmoja alishuka akamshika mkono. Msichana wa kazi aliyekuwa akimwangalia alilia sana, akasema hawezi kubeba damu ya mzee wa watu, akafunga mizigo akarudi kwao.

Mimi niliingia wiki hiyo hiyo, nikitokea Kondoa. Nilipitia kusalimia tu, safari yangu ilikuwa Manyoni, ambako rafiki yangu ana mashine ya kukamua alizeti na alikuwa ananingoja. Ndivyo nilivyo. Sijawahi kuona mavuno mawili mahali pamoja.

"Shikamoo baba mdogo. Umekuja kukaa au umekuja kupita?"

"Marahaba. Nimekuja kukuona wewe."

"Basi umekuja kupita." Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Wewe na baba ni wale wale. Tofauti ni kwamba wewe unakumbuka ulikotoka."

Akaniomba nikae kidogo, mpaka mlango wa gereji ufungwe mota na msichana mwingine apatikane. Nikakubali.

Jumamosi akaja fundi, kijana mmoja anaitwa Ludovick. Aliining'iniza mota darini, akafunga reli na mnyororo, akang'oa kitasa cha zamani. Chini, kulia na kushoto, akaweka vijicho vya kuzuia mlango usimshukie mtu. Kisha akabonyeza rimoti. Lile bamba zito la chuma likanyanyuka lenyewe, likaenda kulala juu.

Kaka alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anatazama. "Nani anauvuta?"

"Umeme, mzee."

"Huyo Umeme ni mtoto wa nani?"

Tulicheka wote, hata Gladness. Kaka naye akacheka kwa kutuona tunacheka.

Baadaye fundi akauliza, "Dada, swichi ya ndani niiweke upande gani?"

"Usiweke."

"Bila swichi, aliye ndani hatoki."

"Ndiyo."

Ludovick akanitazama mimi, kwa kuwa ndimi mtu mzima pale. Mimi nikautazama mnyororo.

"Dada, na moto ukitokea?"

"Rimoti moja nitabaki nayo, nyingine atashika baba mdogo, na akiondoka atashika huyo msichana." Sauti yake ikabadilika. "Fundi, wewe umeshamtafuta baba yako mochwari? Mimi nimemtafuta. Nimefunuliwa mashuka, moja baada ya jingine, naambiwa angalia huyu, angalia na huyu."

Fundi akapanda ngazi. Kamba ya dharura, ile ya kuvuta umeme ukikatika, aliifunga juu ambako mimi nafika, lakini kaka na mgongo wake uliopinda hafiki.

Jumatatu Gladness akaenda kazini. Kaka akaenda kwenye mlango kama kawaida yake, akatafuta kitasa, hakuna. Akapapasa chuma kwa viganja vyote viwili. Halafu akarudi nyuma hatua chache, akaweka kofia vizuri, akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyefika kwenye mji wa watu, akaita.

"Hodi!"

Nimepiga hodi nyingi katika maisha yangu, kwa watu wema na kwa watu wabaya. Sikuwa nimewahi kusikia hodi ya mtu anayeomba kutoka.

"Hodi wenyewe!"

Mlango ukanyanyuka. Gladness alikuwa amesahau kitambulisho cha kazi, amegeuza gari, akabonyeza akiwa nje. Kaka hakujua hilo. Alivua kofia akaliinamia gari. "Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, kama tulivyofundishwa na baba.

Gladness akamrudisha ndani kwa mkono, akachukua kitambulisho chake, akaondoka, chuma kikashuka. Lakini kaka alikuwa ameshajua. Kuna watu humo, na hodi wanaisikia. Akasimama pale anaita. Kwanza kwa heshima, kisha kwa kubembeleza, kisha kwa sauti ya mtu aliyechoka na njia. "Hodi jamani. Ng'ombe wangu wako ndani tangu jana." Nilimwambia, kaka, hapa ni kwako. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni mwenzio asiyejua lolote.

Mchana nikamtengea ugali na mlenda. Hakugusa. "Siwezi kula kwa watu sijakaribishwa," akasema.

Nikamwambia karibu. Akajibu kwamba mimi si mwenye nyumba.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na maji tu ndiyo aliyakubali. Gladness aliporudi jioni alimkuta amesimama papo hapo. Mlango ulipopanda, kaka akamsogelea akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kunifungulia, mama. Mimi ni mtu wa mbali."

Gladness aliingiza gari, akazima, akabaki kwenye usukani. Alilia bila kutoa sauti. Nilimpeleka kaka ndani akalale, nikarudi, nikasimama dirishani kwake.

"Hajala?"

"Tangu jana."

"Nifanye nini, baba mdogo? Nikiuacha wazi nitamzika. Nikiufunga anakufa na njaa humu humu ndani."

"Atoke na mtu."

"Mtu gani? Msichana wa watu, wa kumkimbiza barabarani?" Akanitazama. Hakuniomba. Mtoto wa kwetu hampangii baba yake pa kukaa.

"Kule Manyoni..." nikaanza.

"Najua, baba mdogo. Najua."

Afadhali angenitukana.

Asubuhi nikafungua mlango, nikamshika kaka mkono, tukatoka. Sikumwelekeza. Buigiri iko mashariki, yeye akaelekea magharibi, maana upande alikuwa hajui tena, na akaenda mbio mpaka jasho likanitoka. Tulitokea barabara ya Singida. Vijana walikuwa wanavusha ng'ombe wao kwenda malishoni, wamesimamisha magari. Kaka akasimama. Akawatazama mmoja mmoja, midomo ikienda, mpaka yule ndama wa mwisho, mwenye doa jeupe, akavuka.

"Wametoka," akasema. Mabega yakashuka. "Turudi. Nina njaa."

Alikula ugali wote akaomba wa pili.

Nilimweleza Gladness jioni. Alisikiliza amesimama, mkoba bado begani.

"Na kesho?"

"Kesho tutakwenda tena."

"Na wiki ijayo?"

Nilimpigia simu rafiki yangu wa Manyoni mbele yake, nikamwambia asiningoje. Alicheka kule. "Vipi, umeoa Dodoma?" Nikamwambia nimeolewa. Gladness akageukia ukutani akavua viatu polepole.

Si kazi nyepesi, nisiseme uongo. Siku nyingine kaka anakasirika, siku nyingine ananiuliza mimi wa nani, namwambia wa kwenu, anasema haya. Akiwa amelala mchana nakaa gerejini, nasikia malori ya Singida yanabadilisha gia, na magoti yangu yanawasha.

Wiki iliyopita tulikuwa pale barabarani, ng'ombe wameshavuka, lori likasimama kupanga foleni. Utingo ni mtu anayenifahamu. Akachungulia. "Mzee! Manyoni hii, nafasi iko mbele kabisa! Panda!"

Mguu wangu mmoja ulishakuwa kwenye lami. Naapa sikuutuma.

Kaka akanivuta shati. "Wewe, usifuatane na watu usiowajua," akanigombeza, kama alivyonigombeza tukiwa wadogo. "Nyumbani watatutafuta."

Akanishika mkono. Siku hiyo njia ya kurudi aliijua yeye, mimi nikamfuata.