Babu Ambrose Arudisha Sahani

Siku ya karamu ya kumaliza mwaka wa msiba, Bernadette alipakua wali wa mpunga wa ziwani, samaki na mkate wa kukaanga. Kwa desturi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, aliiweka sahani ya marehemu chini ya msonobari nyuma ya ukumbi, na tumbaku kidogo pembeni. Muda si mrefu Babu Ambrose, marehemu mwenyewe, aliingia kwa mlango wa jikoni na sahani mkononi. Samaki alikuwa amemmaliza. Wali ulikuwa vilevile.

"Futa miguu, baba," alisema Bernadette.

"Mlinizika na meno sita," alisema Babu. "Hebu hesabu sasa, baada ya kuutafuna wali huu."

Yalikuwa matano.

Macho yote yalimgeukia mjukuu wake Delphine, msichana wa miaka kumi na saba, kwani mpunga ule aliuvuna na kuukaanga yeye. Jioni ile ukoo ungeamua nani arithi mtumbwi wa Babu, na mtumbwi haupewi mharibu mpunga.

"Msimpe mtumbwi," alicheka Mjomba Lyle, mwenyekiti wa kamati ya mpunga. "Mpeni kandarasi ya barabara. Changarawe anaiweza."

Delphine alichota punje mbichi kwenye gunia lililobaki.

"Wangu ulikuwa rangi ya majani makavu, mjomba. Huu mweusi kama kiatu cha hakimu. Ni wa shambani, wa trekta. Kuna mtu kabadilisha magunia."

Babu alinusa hewa. Marehemu wana pua nzuri, maana hawana shughuli nyingine. Alipita ukutani kufupisha njia. Delphine alizunguka mlangoni. Walikutana kwenye pikapu ya Lyle. Chini ya turubai yalikuwamo magunia ya Delphine, yameshabandikwa karatasi za duka la watalii: *Umevunwa na wazee wetu*.

"Mzee ni mimi," alisema Babu, "na sikuulizwa."

"Niliuficha, panya wasiule," alisema Lyle.

Polisi Wendell, aliyekuwa akila karamuni, aliandika yote, panya pia, mpaka alipofika kwenye anwani ya shahidi.

"Makaburini, safu ya pili," alisema Babu.

Wendell alifunga kalamu. "Samahani, babu. Huko si eneo langu."

Ukoo ulipiga kura ya mtumbwi. Kwa kuwa Lyle ndiye anayepanga nani aingie ziwani siku gani, mikono mingi ilimwinukia yeye. Babu alinyoosha wake kumpinga.

"Shusha, baba," alisema Bernadette. "Marehemu hawapigi kura. Tulishakubaliana tangu uchaguzi ule."

Msimu ulipofunguliwa, Delphine aliingia ziwani na mashua ya bati ya Bernadette, inayovuja, akarudi imejaa mpunga. Lyle aliingia kwenye mtumbwi, akasukuma upondo kutwa nzima, asiachane na gati, kwa sababu Babu alikuwa amekaa mbele na hakutaka kwenda. Watalii waliwapiga picha.

Picha hiyo ndiyo iko kwenye mifuko dukani sasa, na mauzo yamepanda. Babu ametoka vizuri. Meno yote matano yanaonekana.