Modeli ya Mteremko wa Shangazi Fransiska

Kompyuta haina haya. Baada ya kulishwa vipimo vya modeli yake ya mteremko, ilimwambia Cornelia kwa herufi za kijani kwamba shamba la shangazi yake litateremsha matope hadi kwenye chemchemi, na chemchemi hiyo ndiyo iliyonywewa na kijiji kizima. Alhamisi kamati ya maji ingekutana kuamua kama mteremko ule ufungwe, usilimwe tena. Miaka hiyo wafanyabiashara binafsi walikuwa wamekwisha kuanza kupandisha malori yao vijijini kutafuta mahindi, na hakuna aliyeacha shamba lake hivi hivi. Tena shangazi Fransiska hakuwa na shamba jingine.

"Umeiamini?" aliuliza Bwana Zenon, mkufunzi wake wa mazingira pale chuoni Sumbawanga.

"Hesabu nimezirudia, Mwalimu. Hazina kosa."

"Sikukuuliza hesabu. Modeli ni mgeni anayekusimulia habari za kwenu. Msikilize kwa adabu, kisha nenda kwenu ukaangalie. Chemchemi inasemaje?"

Cornelia aliinua chupa aliyoichota baada ya mvua ya jana. Maji yalikuwa maangavu.

"Basi mmoja kati yao anadanganya," alisema Bwana Zenon, "na maji hayajajifunza uongo."

Mchana ule Cornelia alipanda mteremkoni pamoja na Minza, mwanafunzi mwenzake, ambaye wazazi wake Wasukuma walikuwa wamehamia na ng'ombe wao bondeni karibu na Milepa. Shangazi Fransiska aliipokea shikamoo yao bila kuliacha jembe. Nyuma yake shamba lilikuwa limejaa ntumba, vile vilima vya udongo ambavyo Wafipa huzika nyasi ndani yake masika, zioze, hata msimu ufuatao udongo ule utawanywe na kuoteshwa ulezi.

Cornelia alishindilia ardhini kopo lililokatwa kitako, akalijaza maji, akachuchumaa kutazama yatakavyozama. Hayakuzama. Yalikaa kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Minza alichoka kungoja; akachukua kopo la pili, akapanda juu ya ntumba, akalishindilia na kulijaza maji.

"We binti wa wenye ng'ombe! Shuka!" shangazi alifoka. "Kwenu mnakanyaga chungu kikiwa mekoni?"

"Nisamehe, shangazi. Kwetu wanaokanyaga ni ng'ombe, nami wamenilea wao."

Shangazi alibana midomo asicheke. Lakini Cornelia hakuwa akiwatazama. Alilitazama kopo la Minza, ambalo lilikuwa limekwisha kuwa tupu.

Ndipo alipoliona kosa lake. Tangu utotoni alichapwa mpini wa jembe miguuni kila alipokanyaga ntumba. Akakua, akasoma, akapewa vipimo, naye akaendelea kutii. Vipimo vyake vyote alikuwa amevichukua katika vijia vya katikati, penye udongo ulioshindiliwa na nyayo. Kompyuta, iliyosimuliwa habari za vijia peke yake, ilidhani shamba zima ni njia.

"Shangazi, naomba tuzipande ntumba zako. Tuzipime."

"Mzitoboe? Nyasi hazijaoza!"

"Usipokubali, Alhamisi nitasoma mbele ya kamati hesabu nilizo nazo, na mteremko utafungwa."

Shangazi aliliweka jembe chini.

"Vueni viatu," alisema. "Na mshindilie taratibu, hamtwangi mahindi. Anzeni na hizi za hapa, ndizo nzuri."

"Hapana, shangazi. Hatuchagui. Tutarusha jiwe, tupime litakapoangukia."

"Likiangukia kule juu? Zile zimebomoka!"

"Ndiko tutakakopima."

Jiwe, kana kwamba lilikuwa na kisirani, liliangukia kule juu mara mbili mfululizo. Shangazi aliguna kila mara, lakini hakuwazuia.

Kompyuta ilipolishwa vipimo vipya, ilibadilisha kauli: shamba lingeyanywa maji, isipokuwa ukanda wa juu, ambao ungeteremsha tope katika mfereji wa mashariki. Cornelia hakushangilia. Alingoja mvua, akachota chupa katika mfereji ule na nyingine katika chemchemi. Ya chemchemi ilikuwa na maji maangavu. Ya mfereji ilikuwa kama chai ya maziwa. Hapo ndipo alipopiga kigelegele, peke yake, katikati ya njia.

Alhamisi aliziweka chupa zote mbili mezani mbele ya kamati, akaeleza modeli yake, hata kosa alilolifanya mwanzoni. Kamati iliamua kwamba mteremko ulimwe, ila ukanda wa juu ufanyiwe ntumba upya kabla ya mwisho wa masika.

Shangazi Fransiska alitoka mkutanoni amenuna.

"Kompyuta yako imenisengenya mbele ya watu."

"Imesema kweli, shangazi."

"Kweli imesema. Nani kakataa?" Akajifunga kanga vizuri, akawatazama Cornelia na Minza kutoka utosini hadi kwenye viatu vyao vya mjini. "Kesho asubuhi, ukanda wa juu, nyote wawili. Na huyo mwalimu wenu mwambieni aje. Majembe ninayo ya kuwatosha."