Alizeti za Zipora Zafuata Nyuki Muhuta

Zipora alikaa kwenye mkeka uani kwake, Minago, akiwa na ua la alizeti lililokauka mapajani, pana kama ungo. Alichomoa mbegu moja, akaibana kwa meno ya mbele, akaitema. Pepe. Akachomoa nyingine kutoka katikati, pepe. Ya pembeni, pepe vilevile: ganda zuri lenye mistari, ndani hewa. Alikuwa amelima kwa jembe lake mwenyewe, akapalilia, akafukuza ndege hadi sauti ikamkauka, na sasa alikuwa amevuna maganda.

Ng'ambo ya kijia, jirani yake Pontiani alikuwa akipita kati ya matikiti yake na bomba la dawa mgongoni, fyu, fyu, fyu. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kuvuka milima, wakati ambao maua hufunguka na nyuki hutoka kutafuta chakula.

Nyuki wenyewe hawakuwapo tena. Zamani mizinga ya Hakimu, Mwislamu wa Rumonge aliyeuza asali sokoni, ilikuwa mpakani mwa shamba la Zipora, na hakuna aliyemshukuru mwenzake wala kumdai: nyuki walikula kwenye alizeti, alizeti zikajaa mbegu. Pontiani alipoanza kupuliza, Hakimu akawa anafagia nyuki waliokufa chini ya mizinga kila asubuhi, kama mtu anayefagia mchele uliomwagika. Mwishowe alifunga mizinga kwenye baiskeli, akahamia Muhuta.

Zipora aliweka ua chini, akavuka kijia.

"Jirani, dawa sikukatazi," alisema. "Puliza jioni tu, nyuki wakiwa wamelala."

"Jioni niko kabare," alisema Pontiani, bila kusimama.

"Kabare haina miguu. Itakungoja."

"Bia ikingoja inapata moto, mama."

Hivyo ndivyo alivyojibu kila jambo. Zipora aliporudi kutoka Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia na yeye akazaliwa, alimkuta Pontiani analima shamba ambalo baba yake Zipora aliliacha. Waamuzi waliwagawia nusu kwa nusu, na nusu ya Zipora ndiyo iliyokuwa na mawe.

Msimu uliofuata alipanda tena, kwa sababu hakuwa na shamba jingine. Alizeti zikakua, zikachanua. Asubuhi moja akiwa anafua, povu hadi viwikoni, aliziona zinatoka. Zilijing'oa polepole, zikakung'uta udongo kwenye mizizi, zikashika kijia kwenda barabarani, ndefu mbele, fupi nyuma.

"Na leo nina nguo zote hizi," alisema Zipora. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akazifuata.

Barabarani lori la ndizi lilisimama kuzipisha. Dereva alipiga honi, akatoa kichwa dirishani. "Mama, chunga vitu vyako!" Wenye baiskeli zilizobeba madumu ya mawese walishuka, wakasukuma, wakinung'unika. Kando ya ziwa wanawake waliokuwa wakianika ndagala walisogeza nyavu ili samaki wasikanyagwe.

"Amahoro, Mama Irakoze," mmoja alimsalimu Zipora kwa jina la mwanawe. "Maua inaenda wapi?"

"Ningejua, ningevaa viatu."

Zilikwenda mpaka Muhuta, zikapanda kilima, zikasimama mbele ya mizinga ya Hakimu. Yeye alikuwa ameketi juu ya debe, akikoroga chai.

"Dada, maua yako iko hapa," alisema.

"Nayaona."

"Imekuja wakati mzuri. Huku iko michikichi na mihogo tu, nyuki yangu ilianza kukonda. Juzi niliinua mzinga, mwepesi kama kofia."

Nyuki walitoka. Walitua kwenye alizeti, wakazunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, miguu ikigeuka ya njano. Zipora alikaa chini, akasikiliza ule mvumo ambao hakuwa ameusikia kwa muda mrefu, na hasira ikampungua kiasi cha kuweza kupokea chai. Alasiri alizeti ziligeuka, zikarudi Minago, kila moja ikaingia kwenye shimo lake. Kesho yake zikaenda tena. Zipora naye akaenda, akilalamika njia nzima kuhusu magoti.

Haukupita muda, Wenceslaus, mkuu wa kilima, yaani wa kijiji, ambaye watu humwita shefu, akaitisha mkutano. Madereva walisema wanacheleweshwa. Wanawake wa ndagala walisema vumbi. Mtu mmoja alitaka alizeti zifungwe kamba kama mbuzi. Zipora alinyoosha mkono mpaka bega likamuuma.

"Zinatembea kwa sababu ya dawa," alisema alipopewa nafasi. "Nyuki wangeweza kuishi hapa, zingekaa nyumbani. Tuzungumze habari ya dawa!"

"Mkutano ni wa barabara," alisema Wenceslaus.

Iliamuliwa alizeti zipite pembeni, mstari mmoja. Kisha Pontiani akasimama, akavua kofia.

"Shefu, shamba ya huyu mama mchana inabakia tupu. Na sisi hapa udongo hatuna."

Wenceslaus alifikiri, akakubali kwamba shamba lisilo na kitu mchana ni shamba tupu, akamruhusu Pontiani alitumie kwa muda.

"Jamani, zinarudi jioni!" alisema Zipora. "Njooni jioni mzione!"

"Jioni ofisi imefungwa," alijibu shefu, akafunga mkutano.

Siku chache baadaye alizeti zilirudi kutoka Muhuta zikakuta mashimo yamefukiwa, juu yake miche ya matikiti. Zilisimama kijiani kwa muda, kisha zikaingia uani kwa Zipora, zikajipanga kati ya jiko na choo, nyingine barazani. Tangu hapo alikwenda jikoni akiinama. "Sogea," alisema kila alipopita na sufuria ya moto, na zilisogea.

Mbegu zilijaa. Alipobana moja kwa meno ilipasuka, mafuta yakamgusa ulimi. Alitafuna nyingine ili kuhakikisha, na nyingine kwa sababu ilikuwa tamu.

Matikiti ya Pontiani yalitoka madogo, yamepinda kama viatu vya zamani, maana tikiti nalo halizai vizuri bila nyuki. Yeye alisema aliuziwa mbegu mbovu, akaongeza dawa. Asubuhi moja alikuja uani, bomba mgongoni, akisukuma majani kando.

"Mama Irakoze, nisaidie. Hizi alizeti zako zije kusimama kwangu siku kidogo. Nyuki watazifuata, watapita na kwenye matikiti yangu."

"Na bomba utalitua?"

Pontiani aligeuza shingo kulitazama. "Sasa wadudu nitaua na nini?"

"Nyuki ni nini, Pontiani?"

"Nyuki ni mdudu muzuri," alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Dawa iko inajua."

Zipora alichukua chupa yake ya maji. Alizeti zilikuwa zimekwisha kuanza kutoka. Akazifuata, akamwacha amesimama uani.

Zilipokauka alikata vichwa, akapura, akapeleka mbegu Rumonge kukamuliwa. Dumu moja la mafuta alimpelekea Hakimu, na Hakimu akampa asali ndani ya ndoo yenye kifuniko. Barabarani madereva walikuwa wameshazoea. Walipunguza mwendo wakifika Minago, wengine wakizungumza kwenye simu huku wakingoja. Kuhusu shamba, Zipora alimwendea shefu mara nyingi kiasi kwamba mbwa wa pale aliacha kumbwekea. Kila mara shefu alimweleza kwamba ule muda bado haujaisha.

Mvua zilipoanza, Pontiani alilima nusu zote mbili. Zipora alivunja baraza ili apate nafasi, akachimba mashimo ya kupanda upya uani, ya alizeti ndefu karibu na lango, ili zisipate taabu wakati wa kutoka.